Gari Lililopiga Hodi

Jumatatu, tarehe nane Machi. Asubuhi palikuwa na mawingu mepesi upande wa mashariki, upepo mdogo, na jua la kivivu. Mvua ilikuwa bado, Mwenyezi Mungu ashukuriwe, maana kama ingenyesha asubuhi ile ingeinyeshea serikali ikiwa kitandani.

Nasema hivyo kwa sababu saa za chai, gari la Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo liliingia chumbani kwa jirani yangu, Bi Sikudhani. Halikupitia mlangoni. Lilipitia ukutani, likasimama na pua yake juu ya kitanda, nusu ndani, nusu barabarani, bendera ikipepea kwa adabu karibu na chandarua.

Nchi yetu sitaitaja jina kwa sababu ina haya. Jimbo letu linaitwa Jimbo la Nne. Majimbo ni matatu, lakini lile alikozaliwa Rais huhesabiwa mara mbili, na sisi hatuna neno. Mkuu wetu wa Jimbo ni Mheshimiwa Theofili Ngonde, ambaye kila mtu mwenye akili humwombea afya. Asubuhi ile alikuwa amechelewa kwenda kufungua Wiki ya Usalama Barabarani, akamwambia dereva wake, Ngwali, "Kanyaga mafuta!" Ngwali akakanyaga.

Chumba kile Bi Sikudhani alikuwa amekiandaa kwa ajili ya binti yake, Tausi. Kwetu binti hurudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, na Tausi alikuwa anatarajiwa Ijumaa, mimba ikiwa imekomaa. Mama mtu alikuwa amepiga lipu, amepaka chokaa, ametandika kitanda. Mungu kwa rehema zake alimtoa nje akakung'ute mkeka, na alipokuwa anaukung'uta ndipo ukuta ukaingia ndani bila yeye.

Vumbi lilipotulia, mlango wa gari ulifunguka. Mheshimiwa Ngonde akateremkia kwenye godoro na viatu vyake, akatazama mito, akatazama chandarua, akagundua kwamba yumo katika chumba cha mwanamke asiyemjua. Ni mtu aliyelelewa vizuri. Akasema kwa sauti kubwa:

"Hodi!"

Na Bi Sikudhani, mkeka begani, mdomo ukamtangulia akili. Akaitika kama alivyoitika maisha yake yote:

"Karibu!"

Tafadhali msomaji, ulikumbuke neno hilo.

*

Koplo Fikirini wa kituo chetu alifika upesi, akampigia saluti Mheshimiwa, kisha akalipigia saluti gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona?"

"Nimeona, mama. Usiguse kitu. Sasa hivi gari hili ni kielelezo. Haliruhusiwi kuondoka mpaka mahakama yenye mamlaka iamue."

"Na ukuta wangu?"

"Ukuta haupo, mama. Kisichokuwepo siwezi kukifanya kielelezo."

Akaandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri sana. Aliandika hivi: *Mheshimiwa aligonga. Akasema hodi. Akakaribishwa.* Bi Sikudhani akamwomba amsomee, akamsomea, na bibi yule akakubali kwamba hakuna hata neno moja la uongo. Akaweka dole gumba.

Sasa niwaeleze wasomaji wa nchi nyingine jinsi mahakama za jimbo letu zilivyopangwa, maana ni mpango wa pekee duniani. Waziri wetu wa Sheria zamani alikuwa mkaguzi wa sarufi. Alipopewa wizara akasali, akafunga, akafunuliwa kwamba kila kosa ni kitenzi, na kila kitenzi kina kauli. Akazivunja mahakama za zamani, zilizokuwa zinachanganya wezi na walioibiwa katika chumba kimoja, akaanzisha mpya. Aliyetenda hupelekwa Mahakama ya Kutenda. Aliyetendwa huenda Mahakama ya Kutendwa. Waliotendana wana yao. Aliyemfanya mwingine atende anashtakiwa Mahakama ya Kutendesha. Na yale mambo yanayofanyika yenyewe bila mtu, kama vile madaraja kuvunjika na dawa za hospitali kutoweka, yanakwenda Mahakama ya Kutendeka, ambayo ndiyo yenye kazi nyingi za serikali na ndiyo pekee yenye viyoyozi.

Sisi tuliosoma darasa la jioni tulifurahi sana. Kauli za vitenzi tulizifundishwa ubaoni kwa shida, sasa tukaziona zimejengewa majumba.

*

Bi Sikudhani alianzia Mahakama ya Kutendwa, kwa sababu alijiona ametendwa. Nilimsindikiza. Foleni ya pale inazunguka jengo lote, mpaka mkia wake umekutana na kichwa chake, kwa hiyo hakuna ajuaye nani wa kwanza na kila mtu ana matumaini. Watu wamepanda mboga kando ya foleni. Wengine wameoana.

Karani alipotufikia aliuliza bila kuinua macho, "Umegongwa?"

"Sijagongwa mimi, baba. Nyumba yangu ndiyo imegongwa."

"Basi mlalamikaji ni nyumba. Iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Mama, hapa husikilizwi kwa niaba. Nyumba ije yenyewe."

"Itakujaje, na gari limeishikilia?"

Karani akafikiri. "Hapo unamzungumzia aliyeishikilia. Huyo ni mtenda. Nenda Mahakama ya Kutenda."

Mahakama ya Kutenda ni safi mno. Sakafu inang'aa kwa sababu hajapita mtu. Hakimu wake, mzee mpole mwenye miwani, alikuwa amekaa kizimbani ili apate jua la dirishani. Alipotuona akasimama kwa furaha mpaka joho likamvuka bega.

"Karibuni, karibuni! Mmemleta mtu aliyetenda? Tangu nilipoapishwa sijaletewa hata mmoja. Nani huyo?"

"Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo," akasema Bi Sikudhani.

Mzee yule akakaa tena polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Binti yangu," akasema, naye Bi Sikudhani ana mvi, "Mheshimiwa hatendi. Mheshimiwa hufanyiwa. Kwani gari lilikuwa linaendeshwa na nani?"

"Na dereva wake, Ngwali."

"Umeona? Ngwali *aliendesha*. Hakuenda, aliendesha. Alilifanya gari liende. Hiyo ni Mahakama ya Kutendesha. Poleni sana. Nitawaombea."

"Na sisi tutakuombea, baba," nikamjibu, na hadi leo namwombea apate kesi.

Mahakama ya Kutendesha ndiyo jengo kubwa kuliko yote, la ghorofa, lenye nguzo. Lina kufuli. Tulipouliza ufunguo uko wapi, mlinzi alituambia kwamba unatunzwa ofisini kwa Mkuu wa Jimbo, kwa usalama wake.

"Usalama wa ufunguo au wa Mkuu?" akauliza Bi Sikudhani.

"Mama," akasema mlinzi, "mimi niliambiwa *wake* tu."

*

Ijumaa Tausi alifika na kikapu chake na tumbo lake. Akasimama mlangoni pa kile chumba, akalitazama gari, akaitazama bendera.

"Mama, hukuniambia kama umeolewa na serikali."

"Nyamaza, mwanangu, pole na safari."

"Mimi nitalala wapi? Kwenye buti?"

Walilala jikoni, karibu na mafiga, miguu ya Tausi ikitokeza nje ya mlango kwa sababu jiko ni dogo. Mawingu ya mashariki yalikuwa yameacha kuwa mepesi. Kila jioni Bi Sikudhani alisimama uani, akayatazama mawingu, kisha akalitazama tumbo la binti yake, na hakusema ni lipi analolihofia zaidi. Alichotaka si kikubwa. Alitaka ukuta kabla ya mvua, na chumba kabla ya mtoto.

Mheshimiwa naye alikuwa na shida yake, nami sipendi kuandika upande mmoja. Bila gari, alikuwa anakwenda kazini kwa trekta la taka la manispaa, bendera imefungwa kwenye bomba la moshi. Watu walikuwa wakilisimamisha njiani na kumpa maganda ya ndizi, wakidhani limekuja kuchukua. Aliyapokea kwa unyenyekevu. Kisha ikatangazwa kwamba Rais anakuja kututembelea, na itabidi wakuu wote wampokee kwa magari. Ghafla kesi ya Bi Sikudhani, iliyokuwa haina mahakama, ikapata mahakama asubuhi hiyo hiyo.

Ilipelekwa Mahakama ya Kutendana. Gari na nyumba, ilisemekana, vimegongana.

*

Kwa kuwa mlalamikaji, yaani nyumba, hakuweza kufika mahakamani, mahakama ilimfuata. Mtaa mzima ulijaa pale barabarani. Wengine waliingia chumbani, wengine walichungulia pale palipokuwa ukuta, na hili lilikuwa jambo zuri kwa uwazi wa mahakama. Ndani hapakuwa na kiti kinachomfaa hakimu. Hakimu Lugendo, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, akatafuta mahali penye heshima, akaingia kwenye gari, akakaa kiti cha nyuma, akateremsha kioo.

"Mahakama imekaa," akasema dirishani.

Wakili wa Serikali akavua koti, akamgeukia Bi Sikudhani.

"Bibi, asubuhi ile nyumba yako ilikuwa inakwenda wapi?"

"Haikuwa inakwenda popote. Ina msingi."

"Kwa hiyo ilikuwa imeegeshwa."

"Imejengwa."

"Jibu swali. Imeegeshwa au haikuegeshwa?"

"Imejengwa, baba, na marehemu mume wangu."

"Mheshimiwa Hakimu, shahidi anakwepa suala la maegesho. Bibi, nyumba hiyo ilikuwa imewasha taa?"

"Asubuhi?"

"Ilipiga honi?"

Tausi alikuwa amekaa juu ya boneti, anachambua mchele kwenye ungo. "Ilipiga kelele ilipobomoka," akasema. "Mlisikia mpaka kwenye Wiki yenu ya Usalama."

Watu wakacheka. Hakimu Lugendo akagonga paa la gari kwa ndani. "Nyamazeni! Na wewe binti, usichambue mchele juu ya kielelezo."

"Nimechoka kusimama, mheshimiwa. Kielelezo kimekalia kitanda changu."

Wakaendelea hivyo mpaka jua likawa kali. Ngwali alipoulizwa, alisema aliambiwa akanyage mafuta, akakanyaga. Mheshimiwa Ngonde alipoulizwa, alisema yeye alizungumza tu kuhusu mafuta kwa jumla. Kisha karani akasoma maelezo ya Koplo Fikirini. Alipofika kwenye hodi, Hakimu Lugendo akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Rudia hapo."

"*Mheshimiwa aligonga. Akasema hodi. Akakaribishwa.*"

"Bibi Sikudhani, alisema hodi?"

"Alisema."

"Na wewe ukasema nini?"

Bi Sikudhani akainamisha kichwa. "Nikasema karibu. Sasa mtu akikwambia hodi utamwambia nini?"

Hakimu akarudisha kichwa ndani. Akaandika muda mrefu, mpaka vioo vikapata ukungu. Kisha akatoa hukumu, nami nitaiandika kwa ufupi, maana alipitia mila zetu zote tangu babu zetu walipokuwa wanaishi kwenye nyumba zisizo na milango. Alisema mahakama imeona kwamba hapakuwa na ajali. Mtu alikuja kwenye nyumba ya mtu. Akagonga, kama wagongavyo watu wenye heshima. Kweli aligonga ukuta, si mlango, lakini sheria haisemi mgeni agonge wapi. Akapiga hodi. Akakaribishwa kwa hiari. "Kwa hiyo," akasema Hakimu Lugendo, "gari hili si mvamizi. Gari hili, kwa mujibu wa mila na desturi zetu tukufu ambazo mahakama hii itazilinda mpaka mwisho wa dunia, ni *mgeni halali* wa nyumba hii. Kesi imefutwa."

Wakili akapiga makofi. Mheshimiwa Ngonde akanyoosha tai. Mimi nikamshukuru Mungu kwa ajili ya elimu, ingawa nilikuwa sijaona bado inatusaidia nini. Tausi akaacha kuchambua mchele. Bi Sikudhani hakulia, alikuwa anatazama lile pengo la ukuta, na nje ya pengo lile kulikuwa na wingu jeusi limekaa juu ya mtaa kama sufuria.

"Ngwali," akasema Mheshimiwa, "washa gari. Rudi nyuma taratibu."

Ngwali akatia ufunguo.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bi Sikudhani. "Hajaaga."

Ngwali akautoa ufunguo.

"Nani hajaaga?" akauliza Mheshimiwa.

"Mgeni wangu. Hakimu amesema ni mgeni halali. Mgeni anaondoka hivi hivi, kama mwizi? Kwenu mnaondokaje, baba? Hamwombi ruhusa kwa mwenyeji?"

"Tunaomba," Mheshimiwa akakiri, kwa maana, kama nilivyosema, alilelewa vizuri. Akakohoa. "Basi mama, tunashukuru, tumekaa sana. Tunaomba ruhusa."

"Hapana," akasema Bi Sikudhani. "Kaeni. Hata chai hamjanywa."

Wakili akaruka. "Mheshimiwa Hakimu, huku ni kumzuilia mtu gari!"

"Namzuilia?" akasema Bi Sikudhani. "Namkirimu."

Hakimu Lugendo alikuwa bado kwenye kiti cha nyuma. Akafungua hukumu yake mwenyewe, akaisoma upya, midomo ikicheza. Tulimwona jasho likimtoka. Kila ukurasa aliofunua ulisema mila na desturi, mila na desturi, mpaka mwisho wa dunia. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, mgeni halali huondoka kwa ruhusa ya mwenyeji. Nimeshaandika. Nimeshapiga muhuri."

"Na Rais anakuja kesho!"

"Atamkuta mgeni," akasema Tausi.

*

Mheshimiwa Ngonde ni kiongozi mzoefu. Alijua sasa la kufanya. Akapanda juu ya godoro ili aonekane na waliokuwa nje, akainua mkono, akasema kwa ile sauti tunayoijua sote kwenye redio:

"Wananchi! Ukuta wa bibi yetu utajengwa!"

Makofi yakalipuka. Hata mimi nilipiga, mikono yangu imezoea. Wanawake wakapiga vigelegele. Ngwali akatia tena ufunguo, akawasha.

"Utajengwa na nani?" akauliza Bi Sikudhani.

Vigelegele vikakatika njiani.

"Utajengwa, mama. Nimesema."

"Nimesikia, baba. Shule ilisemwa itajengwa, na kisima kilisemwa kitachimbwa, na mimi nilipiga makofi. Zote hizo ni kesi za Mahakama ya Kutendwa, na foleni yake nimeiona. Watu wamezeekea pale. Nakuuliza nani."

"Na serikali."

"Ina mikono?"

"Na vyombo husika."

"Vyombo vyangu viko jikoni, ndivyo wenzangu usiku. Havijui kujenga."

"Basi…" Mheshimiwa akapangusa uso. "Basi itafanyika. Ukuta utajengeka."

"Utajengeka wenyewe?" akasema Tausi. "Kama daraja lilivyovunjika lenyewe?" Akashika tumbo, akakunja uso kidogo, akavuta pumzi. Mama yake akageuka haraka kama aliyechomwa. "Si kitu, mama. Amegeuka tu. Naye anataka kusikia jibu."

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya buti, kule nje. Lilisikika na watu wote.

Bi Sikudhani akasogea mpaka karibu na kitanda. Hakupaza sauti. "Mwanangu Theofili," akasema, na hatukuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo, "mimi sina ugomvi nawe. Ulipiga hodi, nikakukaribisha, na nilikukaribisha kweli. Binti yangu atazaa hapa. Mwaga yale maneno yako yote, niambie neno moja lenye mtu ndani yake."

Mheshimiwa akafungua mdomo. "Tu…" akasema. "Tuta…"

"Wewe na nani?"

"U…"

"Siyo mimi."

Nilimwonea huruma. Nadhani miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kutumia nafsi ya kwanza na kauli ya kutenda kwa pamoja, na kinywa kilikuwa hakijui njia. Nikafumba macho nikamwombea: Bwana, mfungue ulimi. Nilipofumbua, yule hakimu mzee wa Mahakama ya Kutenda alikuwa amefika, sijui nani aliyemwambia, amesimama nje penye pengo akiwa na joho lake na miwani yake, ananyeshewa, ameshika kalamu mkononi, anamtazama Mheshimiwa kwa macho ya mtu aliyengoja mno.

Ngwali akazima injini, akateremka. Akamshika bosi wake mgongoni, taratibu, kama unavyomshika mtu aliyepaliwa. "Sema tu, mzee," akamnong'oneza. "Haliumi."

Mheshimiwa Ngonde akashuka kwenye godoro. Akavua viatu, sijui kwa nini, akasimama juu ya kifusi na soksi zake. Akamtazama Bi Sikudhani, akalitazama tumbo la Tausi, akautazama mtaa mzima uliokuwa unaloa bila kuondoka. Kisha akasema, polepole, kila silabi ikitoka kama jiwe linalonyanyuliwa, na Koplo Fikirini akapiga saluti, na hakimu mzee akaandika:

"Mimi, Theofili Ngonde, nitajenga ukuta huu. Nitaanza sasa hivi. Sitaondoka hapa, na gari langu haliondoki, mpaka Bi Sikudhani aniambie nenda."